Air Tanzania: shirika lililozaliwa katika ugomvi

Machi 11, 2027 ni siku ya Air Tanzania kutimiza miaka 50. Kwa Wazanzibari, hata hivyo, kisa kinaanza Januari 1, 1946, lilipoanzishwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Kenya ilichukua asilimia 67.7 ya hisa, Uganda 22.6, Tanganyika 9. Zanzibar iliambulia 0.7. Fungu dogo, lakini Visiwa vilikuwa na haki ya mwenye mali, si ya abiria tu, na jambo hilo halisemwi vya kutosha.

Ubia ulidumu miaka 31, ukavunjika kwa kishindo.

Makao makuu na karakana kubwa vilikuwa Nairobi. Kenya ililalamika kwamba wenzake hawalipi michango yao. Tanzania ikaona manufaa yote yanaishia Nairobi. Mwanzoni mwa 1977 ndege zikasimama, Kenya ikaunda Kenya Airways. Februari, Tanzania ikafunga mpaka, ikazuia magari ya watalii na ndege ndogo kutoka Kenya. Mwezi uliofuata ikaanzisha shirika lake, lenye twiga mkiani. Mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Mali za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka huohuo wa 1977, nazo zilibishaniwa kwa miaka mbele ya msuluhishi Mswisi, Victor Umbricht, hadi mkataba wa Arusha wa Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Safari hii fungu la Zanzibar lilikuwa limo ndani ya la Tanzania.

Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa za Air Tanzania iliuzwa kwa shirika la Afrika Kusini; 2006 Serikali ikazirudisha. Rais John Magufuli akafufua shirika mwaka 2016 kwa Bombardier mbili. Oktoba 2021 Airbus mbili zikapokelewa Zanzibar, pale Uwanja wa Abeid Amani Karume, moja ikiitwa Zanzibar. Ni fahari ya haki. Hata hivyo, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) alionesha hasara ya zaidi ya Sh56 bilioni mwaka 2022/23, na hesabu hizo zinatuhusu sote.

Waliofanya kazi katika shirika la zamani la Afrika Mashariki sasa ni wazee. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, chenye kampasi yake kuu Tunguu, kiwatume wanafunzi wakawahoji na kukusanya picha na barua zao kabla ya Machi 2027.