Ndigana Kali: Kutoka Mpwapwa Hadi Ndani ya Seli

Mwaka 1905 serikali ya Wajerumani ilianzisha kituo cha mifugo Mpwapwa, chini ya vilima vya Kiboriani. Ugogo ni nchi ya ng'ombe, na wazee walikuwa bado wanaikumbuka sotoka iliyoyaacha mazizi matupu miaka ya 1890.

Sotoka hiyo ndiyo iliyoitoa ndigana kali, ugonjwa mwingine wa ng'ombe, nje ya kwao. Sotoka ilifika kusini mwa Afrika mwaka 1896, ikamaliza ng'ombe. Walowezi wa Rhodesia wakaagiza wengine kutoka pwani yetu, na kufikia 1902 ng'ombe wao wakawa wanakufa upya. Mwanasayansi wa Kijerumani Robert Koch akaitwa. Alikwisha kuviona vimelea vya ndigana Dar es Salaam miaka michache kabla, ila alividhania vya ugonjwa mwingine. Hata mabingwa hukosea. Mwaka 1904 mtafiti Arnold Theiler, huko Pretoria, akaonyesha kuwa ni kimelea cha aina yake, ambacho leo kinaitwa Theileria parva. Mwaka huohuo mtafiti mwingine, Charles Lounsbury, akathibitisha kuwa mwenezaji ni kupe wa kahawia apendaye masikio.

Hapo wafugaji wakapata silaha: kumwua kupe. Naye huanza kunyonya siku kadhaa kabla vimelea havijakomaa katika mate yake, ndiyo maana josho la mara kwa mara huokoa.

Yanayotokea ndani ya ng'ombe yalichelewa sana kujulikana. Kimelea cha malaria hujisukuma kwa nguvu kikaingia katika chembe nyekundu ya damu. Hiki cha ndigana hakisukumi. Hugusa seli nyeupe kwa upande wowote, na utando wa seli wenyewe hukikumbatia hadi kikazama. Kikishaingia, humwaga protini kutoka vifuko vidogo vilivyomo mwilini mwake, na baada ya dakika chache utando uliokifunika huyeyuka. Kimelea kinabaki huru katika ute wa seli, kikijizungushia nyuzi za seli hiyohiyo. Seli ikigawanyika, nacho hugawanyika pamoja nayo, kila nusu ikiondoka na fungu lake. Tezi huvimba kwa sababu seli hizo sasa zinazaliana bila breki, sawa na saratani.

Nani anaziamuru? Mwaka 2015 watafiti wa Paris walionyesha kuwa ndugu wa kimelea hiki, Theileria annulata, hupenyeza katika seli protini iitwayo Pin1 inayozichochea kuzaliana, na kuwa dawa ya buparvakuoni huishambulia protini hiyo. Dawa yenyewe ilikuwa imetibu ng'ombe kwa miaka mingi kabla ya hapo. Chanjo nayo haikungoja maelezo: ile ya Muguga, Kenya, ya vimelea hai vinavyochomwa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, ilitengenezwa miaka ya 1970.

Mfugaji, ukiona tezi ya chini ya sikio la ndama imevimba na mwili una homa, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Mapafu yakishajaa maji, sindano haisaidii sana.