Kapitesheni ni Nini? Hii Hapa Hesabu ya 75 Bob za SHA

Kama umesikia hosi za kibinafsi zikilia ati SHA inazilipa 75 bob, stori yenyewe inaitwa kapitesheni. Inakuhusu hata kama hujaugua tangu mwaka jana.

Inafanya kazi aje?

Serikali inaweka bei moja kwa kila kichwa. Uende hosi mara moja ama mara kumi, doh ni ile ile. NHIF ilitumia hii njia: ulichagua hosi yako, nayo ikalipwa kulingana na idadi ya walioichagua.

SHA ilichukua usukani Oktoba 2024. Kwa Level 2 na Level 3, yaani dispensari na vituo vya afya vya mtaani, bei ya kutibiwa bila kulazwa iliwekwa Ksh 900 kwa mtu kwa mwaka. Gawanya na 12, unapata 75 bob kwa mwezi. Hiyo ganji hutoka kwa ushuru, si kwa ile 2.75% inayokatwa mshahara.

Piga hesabu

Chukua kliniki yenye watu 1,000. Kwa mwezi inapata Ksh 75,000. Toa mshahara wa nesi, mtu wa maabara, rent, stima, halafu dawa. Umebaki na ngapi?

Mbona wasee hawaamini?

Kwa sababu usipokuja, hosi inabaki na doh. Ukija sana, umekuwa hasara. Daktari si lazima awe mbaya ndio uumie. Utaambiwa tu dawa zimeisha, nunua kwa kemisti. Kipimo, enda kwingine.

Pia bei haiangalii mtu. Boy wa miaka 22 na shosho mwenye sukari na presha wote ni soo tisa. Sasa nani ataonekana mzigo? Uingereza pia hulipa madaktari wa mtaa kwa kichwa, lakini huko hesabu hupanda kwa wazee na wagonjwa.

Februari 2025, RUPHA, chama cha hosi za kibinafsi, kilitangaza kusimamisha huduma za SHA. Madeni na hii bei zilikuwa kwa malalamiko yao.

Kwani ile njia ingine ni poa?

Si sana. Ukilipa hosi kwa kila huduma, inapata sababu ya kukupima vitu huhitaji, ama kuandika bili hewa. Mwaka wa 2023 hosi kadhaa zilisimamishwa kwa madai ya kutapeli NHIF. Kwa hivyo maswali ya kuuliza serikali ni mawili: bei inatosha, na nani anacheki kama mgonjwa alitibiwa kweli?

Wewe ufanye nini?

Jisajili kwa *147#. Ukishasajiliwa, Level 2 na 3 zilizo na mkataba na SHA zinafaa kukutibu bila kukulipisha, hata kama hujatoa mchango. Ukiambiwa lipa, uliza ni ya nini na udai risiti. Dawa zikikosekana, omba waandike ni gani. Bila karatasi, malalamiko yako yatabaki stori ya base tu.