Kompyuta za Zamani na Uhaba wa Chipu Zake

Leo twatazama historia ya chombo cha majuzi tu, nacho kimekwisha anza kufa: kompyuta ya zamani.

Kwanza tujue iliingiaje kwetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Basi mwaka 1982, zilipotoka kompyuta ndogo za nyumbani kama Sinclair ZX Spectrum ya Uingereza na Commodore 64 ya Marekani, mlango wetu ulikuwa umefungwa. Ulipofunguliwa, nyingi tulizozipokea zilikuwa zimekwisha tumiwa na wengine. Zilitufikia zikiwa wazee tayari.

Ukifungua kompyuta ya namna hiyo utaona ubao wenye vidude vyeusi, vyenye miguu mingi kama tandu. Hizo ndizo chipu. Mafundi wa redio huziita aisii. Ndani ya kila moja mna kijipande cha silikoni, pengine kidogo kuliko ukucha, chenye maelfu ya swichi ndogo mno za umeme. Ikifa moja tu, yaweza kuwa mashine nzima imekufa.

Kwa nini zafa? Adui wa kwanza ni joto. Kila ukiwasha chipu hupata moto na kutanuka, kila ukizima hupoa na kusinyaa, na baada ya miaka mingi hupata nyufa. Wa pili ni unyevu, ambao hupenya polepole na kula madini ya ndani. Watu wa kando ya ziwa mwajua kutu ilivyo. Wa tatu ni umeme usio sawa. Kifaa cha kuipa umeme Commodore 64 chapaswa kutoa volti 5 kwa chipu zake. Kikichakaa huweza kuzidisha, na chipu za kumbukumbu huungua.

Labda utauliza: si zinunuliwe nyingine? Hapo ndipo penye shida. Commodore ilikuwa na kiwanda chake cha chipu, na chipu yake ya sauti, iitwayo SID, ilikuwa ya kampuni hiyo peke yake. Mwaka 1994 kampuni ikafilisika. Tangu siku zile, kila SID inayoungua huipunguza hesabu ya zilizobaki. Bei imepanda, na walaghai hufuta maandishi ya chipu nyingine na kuchapa jina la SID juu yake. Wengine huchinja kompyuta moja ili nyingine ipone, kama tuchinjavyo gari bovu. Wapo pia mafundi hodari waliobuni chipu mpya za kuiga zile za kale, nao wameokoa mashine nyingi.

Jambo hili si la Ulaya tu. Mimi mwenyewe nimeliona katika shule moja ya wilaya ya Bunda. Walikuwa na kompyuta kuukuu yenye orodha ya wanafunzi wa miaka mingi, na diski zake hazikusomeka katika mashine nyingine yoyote tuliyokuwa nayo. Asubuhi moja ikakataa kuwaka. Fundi kutoka Musoma akaona aisii moja imekufa, na madukani haikuwapo. Akang'oa nyingine katika kompyuta mbovu iliyokuwa stoo, akailehemu. Mashine ikawaka siku mbili, kisha ikazima kabisa. Siku hizo mbili tulinakili majina kwa kalamu, usiku na mchana, wala hatukuyamaliza. Baadaye akaja mama mmoja kutafuta uthibitisho kwamba alisoma pale. Jina lake halikuwamo katika madaftari yetu. Sikuwa na la kumpa.

Sasa fikiri juu ya Makumbusho ya Mwalimu Nyerere kule Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Kigoda au fimbo ukiitazama tu imekwisha kukufundisha. Haihitaji umeme wala vipuri. Lakini kompyuta iliyozima ni kama kitabu kilichogandishwa kurasa zake.

Basi, ndugu, kama ofisi yenu, shule yenu au chama chenu cha ushirika kina kumbukumbu katika mashine ya zamani, zinakilini wiki hii, mahali pawili, na nyingine muziandike katika karatasi. Mashine mbovu msiitupe. Mwulizeni fundi kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini chipu ya SID ni adimu, hali transista ya redio hupatikana?
2. Ni kumbukumbu gani kijijini petu zimo katika mashine moja tu?
3. Nani atazinakili, na lini?