Cheti cha kifo kinavyoweza kukuonyesha ndugu usiowajua

Nyumba nyingi hukihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kadi za kliniki na hati ya shamba. Hutolewa siku ya mirathi, au mtoto aliyefiwa na wazazi anapoomba mkopo wa chuo kikuu, kisha hurudishwa mfukoni. Wachache hukisoma tena. Lakini msikilizaji anayetaka kujua babu yake alikuwa wa nani, au kwa nini watu wa kijiji cha pili wanamwita ndugu, anaweza kuanzia hapo hapo kwenye karatasi hiyo.

Ukitafuta maelekezo ya jambo hili mtandaoni, mengi utakayoyakuta yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Huko cheti cha kifo kina msaada wa moja kwa moja. Scotland, kwa mfano, imekuwa ikiandika majina ya baba na mama wa marehemu tangu mwaka 1855. Vyeti vya Marekani navyo huwa na nafasi ya jina la baba, na la mama kabla hajaolewa. Ukichukua cheti cha babu yako kilichotolewa Tanzania ukatafuta mstari huo, usishangae ukiukosa. Chetu kinahusu zaidi kifo chenyewe: nani amekufa, mwanamume au mwanamke, umri gani, lini, wapi na kwa sababu gani.

Hata hivyo tuna kitu ambacho wao hawana, nacho ni majina matatu. Tuseme cheti kimeandikwa Juma Hamisi Mrisho. Kwa desturi ya wengi wetu, Juma ni mtoto wa Hamisi, na Hamisi ni mtoto wa Mrisho. Mstari mmoja umekupa vizazi vitatu. Ila usikimbilie kuchora mti wa ukoo. Jina la tatu linaweza kuwa la babu, au la ukoo mzima. Kwa mwanamke, jina la mwisho linaweza kuwa la mumewe, na hapo baba yake amefutika kwenye karatasi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo koo nyingi hupoteza upande wa kina mama. Ukikuta cheti cha bibi, swali la kwanza kuuliza wazee ni hili: kabla hajaolewa aliitwa nani, binti wa nani?

Mtu aliyetoa taarifa

Marehemu hajisajili mwenyewe. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na lazima awepo mtu wa kwenda kutoa taarifa. Jina la mtu huyo na uhusiano wake na marehemu hubaki kwenye kumbukumbu za usajili. Watafutaji wengi hulipita jina hili, nami naliona kuwa ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Aliyekwenda ofisini siku zile alikuwa karibu na msiba. Huenda yu hai, au watoto wake wapo, nao wana picha na majina ambayo nyumbani kwako hayajulikani.

Jina lake pia ndilo kipimo cha ukweli wa karatasi. Tarehe na mahali pa kifo aliviona mwenyewe au aliambiwa siku ile ile. Umri wa marehemu alikadiria. Ukiona miaka 70 au 80 kamili, fahamu kwamba huenda kuna mtu aliulizwa dirishani akajibu kwa kukisia. Vyeti viwili vya ndugu wa tumbo moja vinaweza kumfanya mdogo aonekane mkubwa.

Maneno ya undugu nayo yana mitego. Mtoa taarifa akiandikwa "mtoto", anaweza kuwa mtoto wa kumzaa, au mtoto wa kaka aliyelelewa pale. Baba mdogo huitwa baba. "Ndugu" ni yeyote, kuanzia wa tumbo moja hadi wa ukoo. Kuna watu wamefikishana mahakamani kwa neno moja la namna hii, maana kwenye mirathi mtoto wa kaka hasimami mahali pa mtoto wa marehemu. Usilijaze pengo kwa kubahatisha. Uliza alizaliwa na mama yupi.

Mahali pia pasomwe kwa uangalifu. Cheti cha zamani kikisema mkoa wa Mwanza, kijiji chenyewe leo kinaweza kuwa mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012. Na kwa waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, kijiji walichofia si lazima kiwe kile walichozaliwa. Makaburi ya wazazi wao yako kwingine.

Fuata karatasi iliyofuata

Cheti peke yake hakitoshi, lakini mara nyingi kinakupeleka kwenye faili la mirathi. Maombi yakifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, cheti huambatanishwa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari huo ni hazina: wajane, watoto wa kila nyumba, kaka na dada wa marehemu, na sahihi zao. Anza kuuliza kwa aliyekuwa msimamizi wa mirathi, kwani nakala huwa mikononi mwake. Kama marehemu alikuwa Mkristo, ulizia pia daftari la ubatizo parokiani au usharikani. Huko jina la mama huandikwa.

Cheti kikiwa kimepotea, nakala huombwa RITA, kupitia ofisi ya wilaya au kwa huduma yao ya mtandaoni. Na kama kifo hakikusajiliwa kabisa, kama ilivyokuwa kwa wengi waliofia nyumbani, usajili wa kuchelewa unawezekana. Utaulizwa ushahidi, hivyo anza kwa mtendaji wa kijiji.

Simu yako inatosha kwa kazi hii. Piga picha cheti mbele na nyuma mchana, nje, kisipindike. Usiitupe picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwani taarifa zake zinaweza kutumiwa na matapeli wa mirathi. Kisha kaa na mzee, msomee jina moja moja, uwashe kinasa sauti. Akikwambia, "Huyo siye, huyo alikuwa mtoto wa dada yake," mwache aendelee, na umuulize dada huyo aliolewa wapi.