Mlezi wa vijana parokiani: anafanya nini, na kwa nini wengi wanachoka mapema?

Misa ya pili imeisha, watu wazima wanaelekea nyumbani. Pembeni ya ukumbi wa parokia kuna vijana wamebaki, na katikati yao mtu mmoja ana daftari la mahudhurio. Kundi la WhatsApp lina majina zaidi ya mia. Waliofika ni kumi na wanne.

Huyo mwenye daftari ndiye mlezi wa vijana. Ni kazi ambayo Kanisa Katoliki linaitegemea sana na ambayo wengi wanaoifanya hawalipwi.

Mlezi ni nani?

Anaweza kuwa padri, mtawa au mlei. Kwa kawaida parokia huwa na padri anayesimamia vijana, mara nyingi paroko msaidizi, ila mizunguko ya kila wiki inabebwa na walei: mwalimu, nesi, fundi, mama mwenye duka. Anaandaa semina, mafungo na hija. Anapokea simu saa nne usiku kwa sababu kuna binti amefukuzwa nyumbani.

Tanzania vijana hawa wamegawanyika kwenye vyama. TYCS ni ya wanafunzi wa sekondari, TMCS ni ya wa vyuo, na VIWAWA ni ya vijana wafanyakazi. Kwenye karatasi imekaa vizuri.

Wanapopotelea

Sasa chukua kijana aliyemaliza kidato cha nne Novemba, matokeo yametoka na hakuchaguliwa kuendelea. TYCS ameshaiacha shuleni. TMCS hawezi. VIWAWA anaiogopa kwa sababu jina linasema wafanyakazi na yeye hana kazi, japo akienda atapokelewa. Miezi michache baadaye amehamia kwa mjomba wake Dar, parokia ya huko haimjui na ya nyumbani imemsahau. Hakuna aliyemfukuza.

Mlezi mzoefu anajua kwamba vijana hawapotei katikati ya safari, wanapotea kwenye vituo vya kubadilishia gari. Kituo cha kwanza ni Kipaimara, ambacho wazazi wengi wanakichukulia kama mahafali. Cha pili ni kumaliza shule. Cha tatu ni kuhama mji. Simu moja ya kumuuliza "umefikia wapi, parokia gani iko karibu?" inaweza kufanya kazi kuliko kongamano zima.

Michango, jambo lisilosemwa

Tuseme ukweli: pesa inafukuza vijana. Kuna sare, kuna tisheti ya kongamano, kuna nauli ya hija, kuna zawadi ya padri anayehama. Kijana asiye na kipato hatasimama kikaoni aseme hana. Ataacha tu kuja, na watu watasema imani yake imepoa. Walezi wengi wanaishia kutoa mfukoni mwao kimyakimya, na ndiyo sababu mojawapo ya wao kuchoka.

Nyingine ni uhamisho. Padri aliyewaelewa vijana anahamishwa, anayekuja ana vipaumbele vingine, mnaanza upya.

Halafu kuna usalama. Kundi moja linaweza kuwa na mtoto wa miaka 15 na mtu mzima wa 30. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo ruhusa ya mzazi kabla ya safari, kutokaa na mtoto peke yenu chumbani na kutomwandikia meseji za faragha usiku ni mambo ya lazima. Mlezi anayekasirika akiambiwa hivi, mtazame vizuri.

Kanisa linasema nini?

Baada ya Sinodi ya Maaskofu ya Oktoba 2018 iliyohusu vijana, Papa Fransisko alitia saini waraka Christus Vivit tarehe 25 Machi 2019. Sura ya saba yote inazungumzia utume huu, na hoja yake kubwa ni kwamba vijana wenyewe ndio watendaji, kazi ya mlezi ni kuwasindikiza. Hoja hii ina mizizi ya zamani. Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi miaka ya 1920, alisisitiza kijana amhubiri kijana mwenzake. Mbinu yake ya "Ona, Amua, Tenda" bado inatumika kwenye vyama vya wanafunzi.

Na kama unadhani mlezi lazima awe mzee wa Kanisa, mkumbuke Karoli Lwanga. Alibatizwa Novemba 1885, akawa kiongozi wa vijana wahudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga, na usiku wa kuamkia hukumu akambatiza Kizito, kijana wa miaka kama 14. Aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, akiwa Mkristo kwa miezi isiyozidi saba.

Wanapata nini?

Siku ya Vijana Duniani ijayo ni Seoul, Agosti 2027, lakini kwa vijana wetu wengi nauli na viza ni ndoto. Wao wanaiadhimisha jimboni, sherehe ya Kristo Mfalme, mwezi Novemba. Hapo ndipo mlezi anapoona malipo yake: yule binti aliyekuwa hawezi kuinua uso sasa ameshika maiki, mwingine anasoma taarifa ya fedha na hesabu zinakubali.

Na kuna malipo yanayochelewa. Kijana aliyepotea miaka sita anapiga simu kwa namba mpya. Anasema, "Mlezi, nimepata mtoto, tunabatiza Jumamosi. Nataka wewe uwe msimamizi."