KAMERA YA KUPIGIA WANYAMA KWA HELA YA KAWAIDA: MWONGOZO KWA SISI JIRANI WA SAADANI



Huku Miono tuko mlangoni kabisa mwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mgeni akiacha barabara kuu ya Chalinze–Segera pale Mandera kwenda hifadhini, anapita kwetu, mwendo wa kama kilomita 60 mpaka ufukweni. Eneo hilo lilikuwa pori la akiba tangu 1969, likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wanyama wake wanafika mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Wageni wanakuja na kamera shingoni, wanapiga, wanaondoka na picha zao. Kijana wa hapa, ambaye anajua kuro wanakunywa maji wapi na saa ngapi, hana kamera, au anayo lakini haimfikishi popote.

Hela ni tatizo, hilo halina ubishi. Lakini tatizo lingine ni kwamba hata hela ikipatikana tunanunua kitu siyo. Mtu anauza mananasi Kiwangwa msimu mzima, anakwenda Kariakoo, anauliza "hii ina megapikseli ngapi?", anarudi na kamera inayomfanya swala aonekane kama mbuzi wa ng'ambo ya mto. Msimu mzima umekwenda. Mada hii ni kwa ajili ya huyo.

HESABU KABLA YA DUKA

Picha ya mnyama inaamuliwa na vitu viwili: urefu wa lenzi (ile namba ya milimita) na umbali wako na mnyama. Megapikseli zinakuja baadaye sana.

Chukua dume la kuro, kimo chake begani ni kama mita 1.2. Amesimama mita 100 kutoka ulipo. Una Canon ya kawaida yenye sensa ya APS-C:

- Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, hata ukiivuta mwisho, kuro ni sehemu moja ya 22 ya kimo cha picha. Yaani kidoa.
- Lenzi ya milimita 250, ni moja ya tano.
- Lenzi ya 300, ni robo.
- Lenzi ya 600, ni karibu nusu. Hapo ndiyo picha ya kalenda.

Sasa sogea. Ukiwa mita 50 na lenzi ya 300, unapata kuro yule yule wa nusu picha. Kupunguza umbali kwa nusu ni sawa na kununua lenzi ndefu mara mbili. Lenzi ya 600 f/4 ya Canon ilipotoka 2021 iliuzwa karibu dola 13,000 kule Marekani. Sisi hatuna dola 13,000, ila tuna muda na tunajua njia za wanyama. Huo ndio mtaji wetu, na kifaa cha kununua ni kile kinachoutumia vizuri.

Hili siyo jipya. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyetoa kitabu chake cha picha za wanyama wa Afrika Mashariki mwaka 1905, hakuwa na lenzi za leo. Alitega kamera karibu na chambo, mnyama akigusa kamba usiku mwanga unawaka na picha inapigwa. Alishinda umbali kwa ujanja.

NGAZI ZA KUNUNUA

1. Simu na darubini. Kama una simu yenye kamera nzuri, tafuta darubini ya kawaida ya 8x na ushikilie simu kwenye jicho la darubini, au tumia kibano. Inahitaji mkono mtulivu na mwanga wa kutosha. Siyo ya kuuza picha, ila inakufundisha kutafuta ndege na kusubiri.

2. Kamera ya zumu kubwa isiyobadilishwa lenzi. Hapa kuna Nikon P900 (ya 2015, inavuta sawa na milimita 2000), Canon SX70 (2018) na Panasonic FZ300 (2015, inavuta sawa na 600, na imezibwa vumbi na matone ya maji). Kwa furukombe aliyekaa juu ya mti ng'ambo ya Wami saa tatu asubuhi, P900 itakushangaza. Lakini sensa yake ni ndogo, ile ya APS-C inaizidi eneo kama mara 11. Jua likizama picha inajaa chengachenga, na ndege anayeruka ni shida kumfuata.

3. DSLR ya mtumba na lenzi ya 250 au 300. Kwa mtu wa kipato chetu, mimi naona hapa ndipo pa kusimama. Canon na Nikon zote zimehamia kamera zisizo na kioo tangu 2018, kwa hiyo DSLR nzuri za zamani zimeshuka bei. Kwa Canon, tafuta EF-S 55-250 IS STM (2013). Kwa Nikon, tafuta AF-P DX 70-300 VR, lakini angalia bodi kwanza: kwenye D90 au D3000 haifanyi kazi. Na hizo bodi ndogo za Nikon, D3000 na D5000 na ndugu zao, hazina mota ya fokasi ndani. Ukizipa lenzi ya AF ya zamani isiyo na mota yake, utazungusha kwa mkono.

4. Lenzi ya 600 ya mtumba. Sigma 150-600 Contemporary (2015), Tamron 150-600, au Nikon 200-500 f/5.6 (2015). Zina uzito wa kilo mbili hivi. Hii nunua baada ya kamera ya ngazi ya tatu kukuingizia kitu.

Kwa nini nasisitiza ngazi ya tatu? Kwa sababu bodi ya DSLR ukiiwekea lenzi ya 50 f/1.8 inapiga harusi, send-off na mahafali. Wikiendi inakula ukumbini, katikati ya wiki inakwenda porini. Kamera ya zumu kubwa ukumbini usiku haina lake. Kwa kijana wa kijijini, kifaa ambacho hakirudishi hela kitauzwa siku ada ya mdogo wako ikidaiwa.

CHANGA LA MACHO

- Canon 75-300. Inafungwa sana pamoja na bodi kama ofa. Ina namba kubwa kuliko 55-250, lakini haina kituliza mtikisiko na picha zake ni laini ukiivuta mwisho. Chukua 55-250, usione aibu.
- Lenzi refu kama bomba, 420-800. Inauzwa rahisi na inatisha machoni. Haina fokasi ya yenyewe, na tundu lake linaanza f/8.3. Mnyama akitembea umemkosa.
- Vioo vya kuongeza vinavyofungwa mbele ya lenzi, vimeandikwa 2x. Vinaharibu ukali wa picha.
- Memori kadi feki. Imeandikwa GB 128, ndani haifiki. Ijaze yote, kisha jaribu kufungua mafaili ya mwisho.

UKISHIKA MTUMBA MKONONI

Usilipe kabla ya haya. Mulika tochi ndani ya lenzi, ukiona nyuzi kama utando wa buibui huo ni ukungu, achana nayo. Piga picha ya anga au ukuta mweupe kwa f/16, madoa yataonekana yakiwepo. Vuta lenzi mwisho, lenga kibao chenye maandishi cha mbali, kisha ikuze picha uone kama herufi zinasomeka. Uliza shata imepiga mara ngapi. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha na programu za bure zinaisoma. Nikon D7200, kwa mfano, shata yake ilijaribiwa kwa mipigo 150,000. Mwisho hakikisha kuna chaja, na betri inakaa.

KILA SEHEMU NA DAWA YAKE

Mbuga wazi: umbali ni mkubwa, lakini mwanga upo. Hata lenzi ya f/6.3 inatosha. Ukiwa na 300, weka kasi 1/500 au zaidi ili mkono usiharibu. Ndege anayeruka, anzia 1/1600. Kituliza mtikisiko kinatuliza mkono wako tu, mnyama hakimtulizi.

Mto Wami: ziara ya boti inakusogeza karibu na viboko, mamba na ndege. Mdiria mdogo wa sentimita 13 akiwa mita 10, lenzi ya 250 inamtosha. Hapa ndipo lenzi ya bei nafuu inafanya kazi kama ya bei mbaya.

Msitu wa Zaraninge: mbega wako juu na chini ni giza. Pandisha ISO na ukubali chengachenga kidogo. Picha yenye chenga inatumika, iliyotikisika haitumiki.

Ufukwe wa Madete: kasa wanapanda kutaga. Usiwashe flashi wala tochi nyeupe, mwanga unamrudisha mama baharini na unawapoteza watoto.

CHUMVI, VUMBI NA KANUNI

Adui wa lenzi pwani ni unyevu. Begi la kitambaa chumbani ni shamba la ukungu. Nunua ndoo au sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu, funga. Ukitoka ufukweni futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Usibadilishe lenzi kwenye vumbi la barabara.

Kuhusu taratibu: mwananchi analipa kiingilio kwa shilingi, ni kidogo kuliko mgeni. Kupiga filamu au picha za biashara hifadhini kuna kibali chake, waulize TANAPA kabla. Droni bila kibali usiijaribu. Ndani ya hifadhi usishuke garini ovyo, kutembea ni pamoja na askari. Na nje ya hifadhi, mbogo na kiboko hawajui mpaka uko wapi. Niliposema sogea, nilimaanisha keti mahali salama, upepo ukikupuliza usoni, mnyama aje kwako. Hakuna picha inayolingana na mguu.

Kwa ufupi: bodi ya mtumba, 55-250 au 70-300, sanduku lisiloingiza unyevu, na subira. Mengine yatakuja na kazi.

Nawasilisha.