Rangimaji: Jina Linalogombaniwa na Ukuta

Ingia duka lolote la hadiwea Malindi mjini au Kilifi, useme unataka rangi ya maji. Muuzaji hatakuuliza unachora nini. Atakuuliza ni ya ndani au ya nje, na kama unachukua mkebe wa lita 4 au ndoo ya lita 20. Wala hajakosea. Kwa mafundi wetu rangi ni za aina mbili: ya mafuta, inayopakwa milango na mageti, na ya maji, inayopakwa kuta. Anayetaka kile kisanduku cha vidonge vya rangi, apate kuchora asumini wa uani au chozi anayefyonza ua la mshubiri, itambidi ajieleze. Mara nyingi huishia kusema, "Zile za watoto wa shule," na heshima ya sanaa nzima inaporomoka hapo hapo mbele ya kaunta.

Tukitazame kitu chenyewe kwanza. Rangi hii ya wachoraji, ambayo Waingereza huiita "watercolour", ina unga wa rangi uliosagwa ukawa laini sana, na gundi ya kuushika unga huo. Maji ni mchukuzi tu: huufikisha unga kwenye karatasi, kisha hukauka yakaenda zake. Gundi yenyewe ni utomvu wa mgunga, ule unaovunwa kwa wingi Sudan na pia katika nchi kame za kaskazini mwa Kenya, Turkana na Samburu zikiwemo. Haifanyi ukaidi. Ikikauka hushika, ikipata maji huachia, hata iwe imekaa miaka.

Hapo ndipo inapoachana na rangi ya ukutani. Ile ya ndoo nayo huchanganywa na maji, lakini inayoishikilia ni chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea ndani yake. Maji yakishakauka chembe hizo hushikana zikawa ngozi moja, na ngozi hiyo haiyeyuki tena. Ndiyo maana ukuta wa nyumba ya Watamu hustahimili mvua ya masika ikipiga kwa mshazari. Picha ya mchoraji, ukiidondoshea tone moja la maji leo, rangi yake huamka na kuanza kutembea.

Watu wa Pwani wanaijua tabia hii kwa njia nyingine, kupitia kombe. Mwalimu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani, maandishi yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Wino wa kombe lazima ukubali kuyeyuka, la sivyo kombe halipo. Kinyume chake ni sandarusi, utomvu ambao pwani ya Afrika Mashariki iliuuza kwa wingi ng'ambo karne ya 19 kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Sandarusi haina habari na maji; huyeyushwa kwa mafuta ya moto au spiriti. Tukiziangalia tomvu hizi mbili, yaani ule wa mgunga na sandarusi, tunapata mpaka halisi kati ya rangi inayorudi majini na ile isiyorudi. Maji yamo katika rangi nyingi, kwa hiyo maji peke yake hayatoshi kuitambulisha hii.

Turudi kwenye jina. Ugomvi na ndoo ya fundi ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili imo ndani ya sarufi yetu. Kiswahili kina mazoea ya kutaja rangi kwa kitu chenye rangi hiyo: rangi ya chungwa, rangi ya kahawa, rangi ya maji ya kunde. Msomaji akikuta maelezo kwamba picha fulani ni "ya rangi ya maji", ana haki ya kudhani kwamba picha hiyo ina rangi kama ya maji, pengine ya bahari ya Mida wakati wa bamvua. Maneno matatu yanabeba maana tatu: rangi kama ya maji, rangi ya ukutani, na rangi ya kuchorea. Istilahi ikishafika hapo inakuwa mzigo.

Napendekeza tuyaunganishe: rangimaji. Muundo huu si mgeni. Tuna batamaji, tuna mwanamaji, na hakuna anayesikia batamaji akadhani ni bata aliyetengenezwa kwa maji. Neno lililoungana huacha kusomwa kipande kipande, likawa jina la kitu mahususi. Ngeli haisumbui: rangimaji hii imekauka, rangimaji hizi zimeisha. Anayechora ni mchoraji wa rangimaji, na kazi yake ni picha ya rangimaji. Rangi ya maji tuwaachie mafundi, maana wao ndio waliotangulia kuikalia.

Kuna watakaosema tuseme tu "rangi za maji", kwa wingi. Haisaidii. Fundi mwenye ndoo tatu za rangi tofauti naye atasema vivyo hivyo. Wengine watataka neno la Kiingereza livalishwe irabu tuendelee na safari. Nalikataa hilo kwa sababu moja: maji ndiyo kitu ambacho mchoraji huhangaika nacho siku nzima, na jina linaloyaficha linamnyima mwanafunzi somo la kwanza.

Na masomo ni mengi. La kwanza ni kwamba rangimaji inaonyesha. Natumia kitenzi kile kile tunachosema nguo fulani ikipitisha mwanga: "hii inaonyesha". Weupe wa karatasi unapita katikati ya rangi na kurudi machoni. Chukua asumini, ua jeupe juu ya karatasi nyeupe. Mchoraji wa rangi ya mafuta angefungua chupa ya rangi nyeupe. Mwenye rangimaji halipaki ua lenyewe hata kidogo. Huchovya brashi katika kijani kizito akachora majani yanayolizunguka, akipita ukingoni mwa kila petali kwa ncha ya brashi, mpaka lile pengo asiloligusa linageuka kuwa asumini. Kisha huweka kivuli chepesi cha kijivu pale petali zinapokutana, na hapo huacha. Akiongeza kingine ameliharibu. Ndiyo maana kitenzi "kupaka" hakitoshi katika fani hii, nami naona "kuchora" kinafaa zaidi, kwani nusu ya kazi ni kujua pa kutopaka.

La pili ni mpangilio. Mnana wa Clarke, ndege mdogo wa manjano na mweusi, hupatikana Kaunti ya Kilifi pekee duniani kote, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na vichaka vya Dakatcha. Watafiti walikuja kuyaona mazalio yake kwa uhakika mwaka 2013 tu, huko huko Dakatcha, kiasi cha miaka mia moja baada ya kuelezwa kisayansi. Atakayemchora lazima aanze na manjano, asubiri ikauke, ndipo aweke weusi. Akigeuza mpangilio amekwisha, kwa sababu manjano inayoonyesha haiwezi kuufunika weusi. Mpaka rangi wa ukuta hana wasiwasi huo, akikosea hufunika.

Kwa chozi hali ni nyingine. Ule mng'ao wa shingoni mwake hautokani na unga wa rangi wowote. Ni muundo wa manyoya unaovunja mwanga, na ndiyo maana ndege akigeuza kichwa rangi nayo inageuka. Hakuna kidonge kisandukuni chenye rangi hiyo. Mchoraji huweka buluu na zambarau, akabakiza mkwaruzo mwembamba wa karatasi tupu katikati yake, na jicho la mtazamaji linamalizia lililobaki.

Istilahi nyingine za fani zinatusubiri, na hapa Kiswahili kimejaliwa. Ile mbinu ya kuweka rangi kwenye karatasi iliyoloweshwa ili zisambae na kuingiliana, tuiite mbichi juu ya mbichi. Nguo isiyokauka kambani tunasema ni mbichi, saruji ni mbichi, rangi ya mlango ni mbichi, usiguse. Neno liko kinywani tayari. Kinyume chake ni mbichi juu ya kavu, ambayo huacha ukingo mkali. Malindi mbinu hii ya pili inataka subira: hewa ya bahari imejaa unyevu, hasa kusi ikivuma na masika yameshika, na tabaka moja la rangi huchukua muda mrefu kukauka. Kaskazi ni nafuu. Karatasi nazo, zikiwekwa sandukuni bila kupigwa na hewa, huota madoadoa ya kuvu.

Istilahi nzuri hupimwa mipakani, kwa hiyo tuipime hii. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa simba wake Elsa, alikuja Kenya mwaka 1937 na kabla ya simba alikuwa mchoraji wa maua ya nchi hii. Kazi hiyo ndiyo iliyompa medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza mwaka 1947. Michoro yake ya mimea ni rangimaji bila ubishi: gundi, karatasi, mwanga unaopita.

Picha ya twiga aliyepelekwa China ni kesi ngumu zaidi. Mwaka 1414 twiga alifika katika baraza la mfalme Yongle wa China akiwa zawadi kutoka Bengal, na mwaka uliofuata ujumbe wa Malindi ukapeleka wa kwake. Wachina waliona kwamba wamempata qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao, na yule wa kwanza akachorwa pamoja na mtunzaji wake, juu akiandikiwa sifa na mwandishi Shen Du. Je, ile ni rangimaji? Maji yamo. Lakini picha ilichorwa juu ya hariri, na wachoraji wa China kwa desturi huishika rangi kwa gundi ya ngozi za wanyama. Mimi naihesabu kuwa ndugu wa rangimaji, si rangimaji yenyewe. Vivyo hivyo guashi, ambayo ina gundi ile ile ya mgunga lakini imezidishiwa unga mpaka ikafunika karatasi: hiyo iitwe rangimaji nzito, maana haionyeshi.

Kwa hiyo fasili yangu ni hii. Rangimaji ni rangi ya kuchorea yenye unga ulioshikwa kwa gundi inayoyeyuka majini, inayoonyesha karatasi iliyo chini yake, na inayoweza kuamshwa tena kwa maji baada ya kukauka. Ikikosa sifa moja kati ya hizo, itafutiwe jina lingine.

Walimu wa sanaa wa Kilifi na Malindi, pamoja na wauzaji wa picha wa Watamu wanaobandika vibandiko kwa Kiingereza peke yake, wanaweza kuanza kesho. Chini ya picha andikeni: rangimaji juu ya karatasi. Na nyinyi wenye maduka ya vitabu, kile kisanduku cha vidonge kiandikeni jina hilo, mteja asielekezwe tena kwenye ndoo ya lita 20.